Kufuli la Kwenye Kioo

Benchi lenyewe lilikuwa mlango. Mteja mmoja alihamia mlango wa chuma, akamwachia Komeo ule wa mbao, na Komeo akaulaza juu ya matofali mbele ya kibanda chake cha kuchonga funguo. Tundu la kitasa lilibaki palepale upande wa kulia, kwa hiyo anayekaa upande huo hafurahii sana. Wenye benchi ni wanne. Kuna Komeo mwenyewe, fundi wa makufuli na vitasa, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kuna Redio, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye humwacha mteja na nusu kichwa akaja kumalizia habari. Kuna Waya, anayevuta nyaya za intaneti majumbani, na ukiona ngazi imeegemea nguzo ujue naye yupo juu yake. Na kuna Bi Posta, aliyepanga barua kwenye chumba cha nyuma cha posta miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu, na hao watatu hawakai kabla hawajamwamkia. Kahawa huchemshwa na Redio nyuma ya saluni, na siku tunayoizungumzia ilikuwa imeshamiminwa vikombe vya kwanza simu ya Komeo ilipolia mara moja, mlio mfupi, wa ujumbe.

Komeo akausoma. Akausoma tena akiwa amesimama.

— Jamani, nafungiwa akaunti!

— Nani anakufungia? — Redio akauliza.

— Kampuni yenyewe. Sikilizeni: "Mteja wetu mpendwa, akaunti yako itafungwa baada ya dakika thelathini. Bonyeza hapa uthibitishe kuwa ni wewe."

— Umewakosea nini?

— Mimi? Hata salamu sijawahi kuwapa.

Akaunti hiyo ya ujumbe ndiyo ilikuwa duka lake la pili. Tangu aifungue, wateja hawamtafuti tena kibandani. Wanamwandikia, anachonga, wanapitia kazi ikiwa tayari. Kabla ya hapo kulikuwa na siku alizokaa na tupa mkononi mpaka jua likazama bila kuona ufunguo hata mmoja. Kwa hiyo kahawa akaisahau.

— Mimi najua sababu — Redio akasema, akijisogeza mbali na tundu la kitasa. — Hewa imejaa.

— Hewa gani?

— Ya mtandao. Kila mtu anatuma picha za mtoto wake akila, akilala, akikohoa. Sasa imejaa, lazima wapunguze watu. Na wakipunguza wanaanza na mafundi.

— Hewa haijai, mwanangu — Bi Posta akasema.

— Mama, mbona posta yenu ilikuwa inajaa?

— Ilijaa magunia. Gunia unaliona, unaligonga kwa goti, unalisukuma. Hiyo hewa yako umeigonga wapi?

Hatua kumi kutoka pale, juu ya nguzo, Waya akapaza sauti bila kugeuka:

— Kwangu kuko sawa! Taa zote zinawaka!

— Hatukuulizi taa! — Redio akamjibu. — Shuka, mwenzio anafungiwa!

Waya akashuka, koleo mdomoni, akapokea kikombe chake. Akasikiliza habari yote huku akipuliza kahawa, kisha akatikisa kichwa kama daktari.

— Lazima kwanza tujue tatizo liko tabaka gani.

— Tabaka?

— Mtandao umepangwa kwa tabaka. Moja juu ya lingine.

— Hata huko kuna matabaka! — Redio akacheka hadi kikombe kikamwagika. — Basi usiendelee, nimeshaelewa. La chini linafanya kazi, la juu linapiga picha.

— Hujakosea sana, ndugu yangu. Chini kabisa kuna waya wenyewe, au mawimbi kama yale ya mnara ule. Hilo ndilo tabaka langu. Linabeba tu, halijui limebeba tusi au sala. Juu yake kuna tabaka la anwani. Kila simu ina namba yake, na njiani kuna mashine zinazosoma namba hizo: wewe pita huku, wewe kule. Juu yake tena kuna tabaka la kuhesabu. Kwa sababu picha yako haiendi nzima, inakatwa vipande.

— Ngoja — Redio akasema. — Picha niliyompelekea shemeji yangu ilikatwa?

— Ilikatwa.

— Kichwa mbali na miguu?

— Vipande vidogo zaidi. Mamia kwa mamia. Kila kipande na namba yake, na kule kinakokwenda kinahesabiwa. Kilichopotea kinaombwa upya. Vikitimia, vinaunganishwa. Na tabaka la juu kabisa ndilo hilo mnaloliona ninyi, kurasa na ujumbe na picha.

— Ndiyo maana hakunijibu yule. Nimemfikia nikiwa sina pua.

Bi Posta alikuwa ameweka kikombe chini. Habari ya tabaka ilimgusa.

— Hiyo si posta hiyo? — akasema. — Mtu anaandika barua, yake ni maneno. Anaitia bahasha, na mimi yangu ni bahasha, ya ndani hayanihusu. Naitia gunia. Wa magari yake ni gunia, bahasha hazimhusu. Dereva hamjui aliyeandika na aliyeandika hamjui dereva. Kila mmoja anapokea kwa wa juu yake, anampa wa chini yake, basi. Na barua inafika.

— Ni hivyo hivyo, mama — Waya akasema, akashangaa mwenyewe. — Mimi nilisomea miezi sita sikuelezwa vizuri hivi.

— Sasa mnanipoteza — Redio akadakia. — Wezi wamekaa hapo kwenye tabaka la kuhesabu. Si vipande vinapita mamia? Mtu amekaa pale, kila picha anadokoa kipande kimoja. Leo pua yangu, kesho sikio la shemeji. Mwisho wa mwezi ana mtu mzima. Huyo mtu ndiye anamfungia Komeo!

— Anamfungia kwa nini? — Waya akauliza.

— Kwa sababu sasa ana sura, anataka akaunti.

Walicheka wote isipokuwa Komeo. Yeye alikuwa ameangalia saa ya simu. Dakika kumi na tisa.

— Ninyi chekeni tu. Mimi nabonyeza.

Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, rangi zilezile anazozijua, nembo ileile. Na pale juu, kando ya anwani, kulikuwa na kufuli dogo. Komeo akalivuta karibu na miwani. Mtu aliyeishi na makufuli tangu ujana wake hawezi kuona kufuli asiliangalie.

— Waya, hili la hapa juu ni la kweli?

Waya akachungulia kutoka alipokuwa.

— La kweli. Ukiliona hilo, maneno yako yanafungwa humohumo kwenye simu, yanakwenda kufunguliwa kule yanakokwenda. Njiani hakuna anayeyasoma. Hata mimi nikiukamata waya wenyewe, napata vurugu tupu.

— Hakuna wa katikati?

— Hakuna.

Kwa Komeo hilo lilitosha. Akaandika neno lake la siri, ambalo, kwa kuwa mambo yalishapita tunaweza kulitaja, lilikuwa komeo pamoja na mwaka aliofungua kibanda, na mwaka huo umeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wake. Akabonyeza. Ukurasa ukazunguka kidogo, ukamwomba namba ya tarakimu sita. Hapohapo simu ikalia tena, ujumbe mwingine, namba sita, na chini yake: "Usimpe mtu yeyote namba hii."

— Wameleta namba, halafu wanasema nisimpe mtu yeyote — Komeo akasema.

— Mtu yeyote — Redio akamkazia. — Kampuni si mtu.

— Lakini namba wameileta wao. Mbona wananiuliza kitu walichonipa wenyewe?

— Wanakupima, kaka. Kama mwalimu. Jibu analo, lakini anakuuliza wewe.

— Mimi hapo sijui — Waya akasema. — Mimi naishia kwenye ukuta wa nyumba. Ya ndani ni ya wenye kurasa.

— Hebu nione anwani — Bi Posta akasema.

— Mama, hii si barua.

— Nimesema nione anwani. Ngoja nitafute miwani.

Akaanza kuchakura mkoba. Ikatoka leso, ukatoka mfuko wa vifungo, ikatoka picha ya mjukuu. Dakika zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na Komeo akaanza kuandika namba. Ya kwanza. Ya pili.

— Samahani, fundi.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele ya kibanda, koti jeupe la duka la dawa, kufuli lililokwama mkononi. Duka lile lilikuwa limefunguliwa juzi tu, hata jina lake benchi lilikuwa halijamtafutia. Inaonekana alikuwa amesimama pale muda wa kutosha kusikia.

— Karibu, dada. Nipe dakika kumi tu, nisije nikafungiwa — Komeo akasema. Ya tatu. Ya nne.

— Sawa. Ila nauliza tu. Humo kwenye akaunti yako mna nini?

— Mna kazi yangu. Wateja wananipigia picha ya ufunguo wakiwa kwao, wananitumia, mimi nachonga nakala. Picha ikiwa imetulia, juu ya karatasi nyeupe, na ukaweka sarafu kando nijue ukubwa, sina haja ya kuuona ufunguo wenyewe.

— Kumbe picha inatosha?

— Inatosha kabisa — akasema kwa fahari. — Meno yote nayasoma.

— Na kazi ikiisha?

— Asiye na nafasi namfikishia nyumbani. Wananielekeza humohumo, mtaa na mlango na...

Komeo hakuimaliza sentensi. Alisikia sauti yake ikipungua yenyewe, kama redio inayoishiwa betri. Kidole kilikuwa juu ya kioo na kikabaki hapohapo.

Redio ndiye aliyeanza, taratibu sana.

— Komeo. Ule ufunguo wangu wa saluni...

— Upo.

— Na wa nyumbani?

— Upo. Wa mbele na wa nyuma.

— Na maelekezo?

— "Nyumba ya tatu baada ya bomba, geti halifungi, mbwa hana meno." Uliandika mwenyewe.

— Mbwa nilimtaja kwa ajili yako, usiogope!

— Na mimi? — Bi Posta akauliza, miwani sasa ikiwa mkononi.

— Wako upo, mama. Na wa kabati.

Waya hakuuliza. Alikumbuka mwenyewe ghala la vifaa vya kazini, na lile kufuli kubwa alilolichongeshea nakala tatu za ufunguo, na koleo likamponyoka.

— Usiguse kitu! — akapiga kelele. — Komeo, toa kidole!

Komeo akatoa kidole kama aliyeshika pasi ya moto. Bi Posta akavaa miwani, akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaipeleka mbali.

— Jina la kampuni lipo — Redio akasema akichungulia begani kwake. — Si hilo hapo mwanzo, kubwa kabisa?

— Mwanzo mimi sikuwahi kuuangalia. Mpangaji barua akianza kusoma majina ya watu atalala hapohapo. Unaangalia mstari wa mwisho. Mji gani? Jina linaweza kuwa la mfalme, barua inakwenda unakosema mstari wa mwisho. — Akasogeza kidole. — Hapa mwanzo pana jina la kampuni. Nukta. Halafu "usalama". Nukta. Halafu mwisho huku, kabla ya mkwaju, hiki kimstari kilicholala, pameandikwa "zawadihakika" na nukta na viherufi viwili ambavyo sivijui. Komeo, kampuni yako inakaa Zawadihakika?

— Ndivyo zinavyosomwa hata anwani hizi — Waya akasema kwa sauti ndogo. — Zinasomwa kutoka mwisho. Mwenye mahali ni yule wa mwisho. Hao wa mbele anaweza kujiandikia anavyotaka.

— Na kufuli? — Komeo akamgeukia, na hapa sauti yake ilikuwa karibu na kulia. — Wewe si uliniambia kufuli ni la kweli?

— La kweli. Hakuna aliyesoma njiani. Umemfikishia mwizi mkononi mwake, bila mtu kufungua bahasha.

Ikabidi akae. Akakaa upande wa tundu, hakuhisi kitu.

Sasa yaliyofuata yalifanyika haraka, na sifa ziende kwa Waya, maana alisahau kabisa kwamba yeye huishia ukutani. Alimfungisha Komeo ukurasa ule. Akamwambia aingie kwenye akaunti kwa mlango wake mwenyewe, ile programu iliyopo kwenye simu siku zote, asipitie kwenye ujumbe wa mtu. Hapo ndani walikuta onyo: kuna mtu amejaribu kuingia, dakika sita zilizopita, kutoka mji ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuusikia. Neno la siri alikuwa nalo. Alichokuwa anasubiri ni zile tarakimu sita, ambazo kampuni ya kweli ilimtumia Komeo peke yake, na ambazo Komeo alikuwa amebakiza mbili kumkabidhi.

— Kuna kitufe kimeandikwa "Siyo mimi" — Komeo akasema.

— Bonyeza! — wakamwambia wote, na muuza dawa naye.

— Sasa badilisha neno la siri — Waya akasema. — Liwe refu, maneno manne hivi yasiyojuana.

— Weka saluni, sabuni, shemeji, na... — Redio akaanza.

— Mbona unamtangazia barabarani? — muuza dawa akamkata.

Komeo akaingia kibandani, akavuta mlango, akaandika akiwa amegeukia jiriwa lake la kubania funguo. Alipotoka Redio akamwangalia kwa jicho la mtu aliyeonewa.

— Hata mimi huniambii?

— Hata wewe.

Kisha akasimama mbele yao, mikono kwenye aproni. Katika kazi yake yote hakuwahi kumchongea mtu aliyemtilia shaka. Aliwahi kumrudisha mwanamume mwenye suti na maneno matamu, akamwambia amlete mwenye nyumba. Nakala zilizoharibika alizikata vipande kwa msumeno. Huku muda wote ule alikuwa anatembea na funguo za mtaa mzima kwenye mfuko wa shati, zimefungwa kwa jina lake mwenyewe na mwaka uliopakwa rangi mlangoni.

— Nisameheni — akasema. — Sikujua kuwa ninazo.

Bi Posta akamsogezea nafasi.

— Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka gunia zima mji usio wake. Barua za watu, za wagonjwa, za wachumba. Siku tatu sikula. Mkuu wangu akaniambia, ukimaliza kulia ukapange haya ya leo. Kaa hapa, mwanangu. Futa.

Wakafuta. Zilikuwa picha mia mbili na kumi na mbili, na kazi ilichelewa kwa sababu Komeo hakuweza kufuta bila kumtambua mtu. Huu wa mwalimu, jino la tatu limelika. Huu wa wale pacha, wanapoteza kila mwezi. Huu wa padri, usicheke, ni wa stoo. Redio akataka zake ziondolewe kwanza akaambiwa apange mstari. Kwa kila ufunguo Komeo alifuta picha, akafuta na maelekezo yaliyofuatana nayo, na akaandika kwenye ujumbe mpya wa wateja wote kwamba kuanzia leo ufunguo uletwe kwa mkono, mkubwa kwa mdogo, na anayeona kero atamwelewa.

Picha ya mwisho ilipoondoka, akashusha pumzi, akachukua kufuli la muuza dawa. Akalidondoshea mafuta, akaligonga mara mbili ubavuni, akatia waya mwembamba, likafunguka kabla hajamaliza kumuuliza hali.

— Asante, fundi — mwanamke akasema akilijaribu, klik, klik. — Na poleni. Sasa hizo picha mlizofuta, zimekwenda wapi?

— Zimefutika, dada — Redio akasema.

— Ndiyo. Zimekwenda wapi?

Wote wakamtazama Waya. Waya akafungua mdomo.

— Kwenye simu hazipo.

— Na kule kwa kampuni?

— Kule kwa kampuni... — Akaangalia nguzo, akafuata waya kwa macho mpaka ulipopotelea nyuma ya paa la saluni. — Kule wanasema zinafutika. Baada ya muda.

— Muda gani?

Waya akainama kuokota koleo lake.

— Na kwenye simu za waliozipiga?

Redio akainamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa tone moja na machicha. Muuza dawa akaaga, akarudi dukani kwake, koti jeupe likavuka barabara. Komeo alikuwa ameishika simu kwa ncha za vidole.

Mwisho Redio akasimama, akajipangusa suruali.

— Komeo, una vitasa vipya vingapi humo ndani?

— Saba.

— Basi kimoja cha...

Lakini Bi Posta alikuwa ameshaingia kibandani, mkoba kwapani.

— Panga mstari, mwanangu — akasema. — Mimi nachukua viwili.